Kwa nini komwe? Mbegu ya kichaka cha miiba iliyogeuka kete ya bao

#1 MkaaBarazani

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita nilikwenda Pangani kumjulia hali mjomba wangu, na alasiri tukatembea ufukweni. Juu kidogo ya mahali maji yanapofika wakati wa bamvua kuna kichaka kilichojisokota, chenye miiba iliyopinda kama ndoana, hadi kwenye vikonyo vya majani. Kilinishika shati. Nilipokuwa najinasua niliona maganda ya kahawia yaliyokwisha kupasuka, nayo yamejaa miiba kama mgongo wa nungunungu, na ndani ya ganda zimekaa mbegu mbili za kijivu, ngumu, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Nilizitambua kabla sijazigusa. Zilikuwa komwe.

Zaidi ya miaka ishirini nimecheza bao barazani na sikuwahi kujiuliza kete zangu zinaota wapi. Nilizinunua pamoja na ubao, basi. Sasa naomba msaada wenu. Ubao una mashimo 32 na kete 64, mbili mbili kila shimo wakati wa kuanza. Mtu wa kwanza aliyeamua kwamba kete hizo ziwe komwe alilazimika kutia mkono ndani ya miiba ile mara nyingi sana, ilhali nyikani na vijijini mbegu zimejaa: ukwaju, ubuyu, mahindi, na kokoto zisizochoma mtu. Wazee wetu waliona nini katika komwe ambacho hawakukiona kwingine?

Na kama kwenu upo mmea mwingine wa porini, au hata gugu, ulioingia katika michezo, ngoma au sanaa kwa namna hii, tafadhali uandikeni hapa pamoja na sababu ya kuchaguliwa kwake.

#2 KilwaKivinje

Mkuu, jibu lipo mbele ya macho yako. Komwe hazihitaji kuchumwa. Bahari huzileta zenyewe, zikiwa zimeoshwa na kusuguliwa na mchanga, na mtoto yeyote wa pwani anaweza kujaza kofia kwa asubuhi moja baada ya kusi kuvuma. Mchezo uliokua pwani ulichukua kilichokuwapo pwani. Mkomwe unaota pamoja na mikoko, ndiyo maana popote penye mikoko utazikuta.

#3 Shangazi_wa_Tanga

Mwanangu MkaaBarazani, pole kwa shati. Kwanza nikurekebishe kidogo, kwa sababu wapo vijana watakaosoma hapa na kushika kosa. Kete mbili mbili kila shimo ni mpango wa bao la kujifunza. Katika bao la Kiswahili lenyewe kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, yaani sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani yake. Kete 22 zilizobaki hukaa nje kama akiba, nazo huingia moja moja wakati wa namua, awamu ya kwanza ya mchezo. Zikiisha ndipo mtaji, awamu ya pili, unaanza.

Nimelitaja hilo si kwa kutafuta makosa, bali kwa sababu nadhani ndipo jibu lako lilipo. Mtazame bingwa wa bao, usimtazame usoni, mtazame kiganja. Anachota kete kumi na tano au zaidi kwa mara moja, halafu anaziachia moja moja huku mkono ukizunguka ubao kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliifuati, na hakosei. Kokoto haziwezi kazi hiyo, kwa sababu zina pembe na hung'ang'aniana. Mahindi ni membamba, huponyoka mawili mawili. Ukwaju ni bapa na huteleza. Komwe ni nene kiasi cha kuhesabika kwa ncha ya kidole bila kuangalia, na ngozi yake ni laini kiasi cha kutoka mkononi bila kusukumwa. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba kete nzuri inajua kushuka.

#4 MgogoHalisi

Shangazi, shikamoo. Kwetu Dodoma tumecheza kwa kokoto na mbegu za ukwaju tangu utoto, mashimo tumeyachimba ardhini chini ya mbuyu, na tumefungana vizuri tu. Kwa hiyo komwe si sharti la mchezo. Ni mazoea ya pwani.

#5 Shangazi_wa_Tanga

Marahaba mwanangu. Sikusema haiwezekani. Nimesema mkono hauwi mwepesi vilevile. Njoo Tanga siku moja ucheze kwa komwe, kisha urudie kokoto zako, uniambie.

#6 MajaniNaMizizi

Naomba niingie kwa upande wa mimea, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Ndugu KilwaKivinje, nakubaliana nawe kuhusu bahari, ila mkomwe si mmea wa mikokoni. Mikoko husimama katika tope la maji ya chumvi. Mkomwe, ambao kitaalamu huitwa Guilandina bonduc na katika vitabu vya zamani Caesalpinia bonduc, ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa kunde na maharage, na hupenda mchanga mkavu nyuma ya ufuko. Hupatikana pia mbali kidogo na bahari. Kinachowachanganya watu ni kwamba mbegu zake hukwama katika takataka zinazoachwa na maji kwenye ukingo wa mikoko.

Mbegu hiyo huelea kwa sababu ndani yake mna uwazi wenye hewa na ganda lake halipitishi maji. Huweza kusafiri baharini muda mrefu bila kuoza, ndiyo maana mmea huu umeenea katika fukwe za nchi za joto karibu dunia nzima. Hapa naongezea hoja ya Shangazi. Kitu kinachoelea ni chepesi kuliko maji ya ujazo wake, na jiwe la kawaida lina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya maji hayo. Maana yake kokoto 20 zenye ukubwa wa komwe zitakulemea kiganjani zaidi ya mara mbili na nusu kuliko komwe 20. Kwa mchezo mmoja hutaona tofauti. Kwa kikao cha kuanzia alasiri hadi magharibi, kifundo cha mkono kitaona.

Mkikuta komwe za manjano, hizo ni za mmea mwingine, ndugu wa huyu. Si komwe za kijivu zilizozeeka kama wengi wanavyodhani.

#7 Kampala_Mswahili

Nawasalimu kutoka Uganda. Nimesoma bandiko la 6 mara mbili, kwa sababu limenifumbua jambo. Hapa tuna omweso, mchezo wa ukoo mmoja na bao, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, ingawa sheria zake ni nyingine. Kete zake huitwa empiki, nazo ni mbegu za mmea wa porini uitwao omuyiki, ambao pia ni wa jamii ya mikunde, unatambaa na una miiba. Kwa maneno mengine, watu wa kando ya ziwa, mbali na bahari yoyote, wasiookota chochote kilicholetwa na maji ya chumvi, walipotafuta kete waliishia kwa nduguye mkomwe.

Kwangu hilo linapunguza nguvu ya hoja ya bandiko la 2. Ikiwa sababu ni ukaribu wa bahari tu, kwa nini Waganda nao waliingia miibani?

#8 KilwaKivinje

Kampala_Mswahili, ahsante, hilo sikulijua. Lakini linaweza kusomwa kinyume pia: kwamba watu waliozoea komwe pwani walipopanda bara na mchezo wao walitafuta mbegu iliyofanana nazo zaidi.

#9 Kampala_Mswahili

Au watu wa bara walioshuka pwani na mchezo wao walitafuta mbegu iliyofanana na empiki. Mlango huo unafunguka pande zote mbili.

#10 BintiMakunduchi

Nashangaa hakuna aliyeligusa neno lenyewe. Tunasema kete, na kete kwa Kiswahili cha zamani, na hata leo kwa wanaookota pwani, ni kauri ndogo, gamba la konokono wa baharini. Basi mchezo ulipata jina la kipande chake kutoka kwa gamba, si kutoka kwa mbegu. Ingekuwa komwe ndiyo ya asili, tungesema komwe za bao, na nyumba yenye komwe sita, wala neno kete lisingeingia.

Ninavyodhani mimi, watu walicheza kwa kauri kwanza. Katika karne ya 19 kauri za pwani yetu zikawa bidhaa kubwa. Wafanyabiashara wa Hamburg walizikusanya Zanzibar kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Kitu kikishakuwa na bei sokoni, hakibaki barazani kuchezewa. Ndipo komwe isiyonunuliwa na mtu ikachukua nafasi.

#11 MajaniNaMizizi

Dada BintiMakunduchi, hoja ya jina ni nzito na sina la kuipinga. Hoja ya biashara ndiyo inayonipa shida, kwa sababu gamba la kauri lina tumbo na mgongo. Likidondoka huweza kukaa kwa upande wowote, na mpasuko wake wenye meno hukwangua mbao. Watu wangeweza kuliacha kwa kero hiyo tu, hata kama Mjerumani hajafika.

#12 BintiMakunduchi

Kero hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na bado jina lilibaki. Waliivumilia kwa muda gani kabla ya kuichoka?

#13 Mzee_wa_Ramli

Mnazunguka kichaka bila kuingia. Kiswahili kina kucheza bao na kina kupiga bao. Kupiga bao ni kutazamia, kazi ya mganga. Mchezo na uaguzi vimeshirikiana ubao, na mbegu iliyoaminika kuwa na kinga ndiyo iliyofaa kwa vyote viwili. Nimeona kwa macho yangu komwe iliyofungwa katika hirizi ya mtoto mchanga. Hata huko Scotland, katika visiwa vya magharibi, watu wa kale walizivaa mbegu hizihizi zilizoletwa na mawimbi kutoka nchi za joto, wakiamini zinakinga husuda. Mbegu isiyooza, isiyozama, inayozaliwa ndani ya miiba: watu wawili wasiojuana waliipa heshima moja.

#14 Muscat_Zanzibari

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, bao la kutazamia ni la mchanga. Neno ramli lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni mchanga. Mpiga ramli huchora alama katika mchanga uliotandazwa ubaoni, hahitaji kete. Nadhani ni neno ubao tu lililowakutanisha.

Hapa Oman tunao al-hawalis, wenye safu nne za mashimo saba, mbili mbili kila shimo, na mara nyingi huchimbwa ardhini. Mchezo huo unajulikana Zanzibar pia. Baba yangu alicheza huku kwa vijiwe na kule kwa komwe, na hakuwahi kunieleza kwamba kimoja kina baraka kuliko kingine.

#15 Mzee_wa_Ramli

Marahaba kijana wangu. Maana ya ramli naifahamu. Hirizi niliyoiona haikuwa na mchanga ndani.

#16 MtumaBarua

Niongeze kipande kimoja kutoka mbali. Antigua na Barbados, visiwa vya Karibiani, wanacheza warri, mchezo wa mashimo 12 uliopelekwa na Waafrika waliotekwa kutoka Afrika Magharibi. Kete zao ni komwe, mmea uleule wa bandiko la 6, unaoota katika fukwe za huko. Watu waliovuliwa kila kitu walishuka katika nchi ngeni, wakaikuta ufukweni mbegu waliyoifahamu, na mchezo ukaendelea. Kila nikiifikiria safari hiyo nasimama kidogo.

Haijibu swali la kwa nini, lakini inaonyesha kwamba mazoea ya komwe si ya Waswahili peke yetu.

#17 Gololi_za_Mombasa

Mmeandika mambo makubwa, mimi nina dogo. Utotoni komwe ilikuwa na kazi tatu kabla ya kufika kwenye bao. Ilikuwa gololi. Ilikuwa risasi ya manati. Na tuliisugua juu ya saruji kwa nguvu hadi ipate moto, kisha ukamgusisha mwenzako shingoni. Ganda halichubuki wala halipasuki, bali hushika joto na kulitunza. Sidhani kama mbegu ya ukwaju ya ndugu yetu MgogoHalisi ingestahimili.

#18 MgogoHalisi

Mbegu ya ukwaju tuliisugua vilevile, ndugu, na ikachoma. Lakini tulikuwa na kitu ambacho ninyi wa pwani hamna: matonga. Tunda la mtonga likishaliwa, ganda lake gumu la mviringo hubaki, nasi tulilikausha, tukatia vijiwe ndani kupitia tundu dogo, tukaziba kwa nta. Hiyo ndiyo manyanga ya kwanza niliyopiga maishani. Mlio wa ganda la tonga hauna mwangwi mrefu kama wa kibuyu. Hukatika upesi, kwa hiyo mdundo hausongamani.

#19 KayambaNaNgoma

MgogoHalisi amenifungulia njia. Mimi hutengeneza kayamba, kwetu Kilifi, na nimejifunza kwa babu. Kayamba ni bapa kama sanduku jembamba: pande mbili za vijiti vyembamba vya mmea wa jamii ya matete, vilivyopangwa sambamba na kufungwa kwa uzi, na katikati huwekwa mbegu. Ukiliinamisha upande mmoja mbegu hukimbia zote pamoja, na sauti yake ni ile ya wimbi linalorudi mchangani.

Mbegu tunazotumia ni turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, za mmea unaotambaa juu ya vichaka vya watu. Nimejaribu mtama, nimejaribu hata shanga za plastiki mteja mmoja alizoniletea. Mtama hutoa vumbi, huliwa na wadudu, na baada ya msimu mmoja kayamba huwa bubu. Plastiki hulia kama mvua juu ya bati. Turituri ni ngumu, ndogo, na karibu zote zina uzito mmoja, hata India wasonara walizitumia zamani kupimia dhahabu. Uzito ukiwa mmoja mbegu hufika pamoja, na wimbi linasikika kama wimbi.

Nadhani hata komwe zilichaguliwa kwa sikio. Anayecheza bao husikiliza kete zikigonga mbao. Kuna wazee waliopoteza nuru ya macho ambao bado hucheza.

#20 NesiMstaafu

Habari zenu. Nimefurahia kila bandiko, lakini siwezi kupita bila kusema juu ya turituri. Mbegu hizo zina sumu kali sana. Ikimezwa nzima, ganda lake huweza kuizuia sumu na mbegu ikatoka kama ilivyoingia. Ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa ili kutungwa shanga, sumu hutoka. Mwaka 2011 huko Uingereza bustani ya mimea iitwayo Eden Project iliwaomba wateja warudishe bangili zilizotengenezwa kwa mbegu hizi. Ndani ya kayamba lililofungwa vizuri hakuna shida. Shingoni mwa mtoto anayeota meno, sikubali.

Mbono kaburi na nyonyo nazo msiwaachie watoto wachezee mbegu zake. Nimewapokea watoto waliokula mbegu za mbono wakidhani ni karanga, wanatapika hadi wanaishiwa nguvu.

#21 KayambaNaNgoma

Ahsante sana, mama. Babu alikuwa na desturi ya kuhesabu turituri kabla ya kuzitia na kuokota kila iliyodondoka. Nilidhani ni ubahili. Nitawaambia wanafunzi wangu sababu.

#22 Kusi_na_Kaskazi

Kwa kuwa mbono umetajwa, niseme upande wake mwingine, ambao mtoto anaweza kufurahia akiwa na mkubwa karibu. Unakivunja kikonyo cha jani taratibu bila kukitenganisha. Utomvu hutanda katikati ya mvunjiko kama kioo chembamba, unapuliza, na mapovu yanatoka yenye rangi za upinde wa mvua, madogo kuliko ya sabuni na yanayodumu zaidi. Hatukuhitaji sabuni, na kwa kweli sabuni yenyewe haikuwepo ya kuchezea. Tahadhari mbili tu: utomvu usifike machoni wala mdomoni, na usidondokee nguo, kwa sababu doa lake la kahawia halitoki.

#23 LindiVijijini

Mbona hakuna aliyeutaja mchezo mkubwa kuliko yote? Mpira! Neno hili ni la mmea. Kusini kwetu, kabla ya mpira wa dukani, watoto waliukata mtambaazi wa msituni, ule unaozaa mabungo, wakaupaka utomvu wake mweupe mkononi. Ukikauka wanauchuna kama uzi, wanausokota juu yake wenyewe, uzi juu ya uzi, hadi unatokea mpira imara unaodunda. Mtambaazi huo kitaalamu ni Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na katika karne ya 19 utomvu wake ulisafirishwa kwa wingi kutoka pwani hii. Kila kijana anayepiga chandimu leo anaita jina la mmea wa mwitu bila kujua. Ndiyo maana neno liko katika ngeli ya miti: mpira, mipira, kama mbuyu, mibuyu.

#24 Sarufi_Kwanza

Ndugu LindiVijijini, maelezo ya utomvu ni mazuri sana. Hoja ya ngeli haisimami, kwa sababu ngeli hiyo ina mkeka, mkate, mguu na mwaka, na hakuna ulioota msituni. Isitoshe, wewe mwenyewe umesema mtambaazi huo unazaa mabungo, na jina lake la mti linalolingana na tunda ni mbungo. Huenda basi kitu kinachodunda kiliitwa mpira kwanza, na mmea ukapewa jina la kitu kinachotokana nao. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ngeli haitoshi kuamua.

#25 LindiVijijini

Kwetu ukienda msituni kuchuma tunda unasema mbungo. Ukienda kugema utomvu unasema mpira. Mmea mmoja, majina mawili kwa kazi mbili. Wewe wa vitabu tutafutie lipi lilitangulia.

#26 MwalimuWaSanaa

Nafundisha shule ya msingi kando ya ziwa, karibu na Kisumu, na kwangu swali la MkaaBarazani si la historia. Ni la kila wiki, kwa sababu sina fedha za vifaa.

Gugumaji lililetwa katika mazingira yetu kutoka Amerika Kusini, na tangu miaka ya 1990 limekuwa likifunika ghuba ya Winam kwa vipindi, ingawa wadudu aina ya fukusi waliachiliwa kulipunguza. Hapa mafundi hulikausha na kulisuka kuwa vikapu, viti na kofia, na wengine hulisaga kuwa karatasi nzito ya kadi. Nilianza nalo kwa sababu moja tu, kwamba lipo na ni la bure, kama bandiko la 2 linavyosema kuhusu komwe. Baadaye nilijifunza kwamba kuwa la bure hakutoshi. Shina lake ni la sifongo, na lisipokauka kabisa hufanya ukungu, na kazi ya muhula mzima ya watoto arobaini niliitupa. Sasa tunalianika juani hadi libadilike rangi kabisa, tunalipasua, na kulibana chini ya mawe kabla ya kusuka.

Ipo pia lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mbili tatu kinachovamia malisho. Huko India Kusini, katika milima ya Nilgiri, mafundi wa jamii za huko wametumia fito zake kutengeneza tembo wa ukubwa halisi, na tembo hao walisimamishwa katika bustani za London mwaka 2021, kisha Marekani mwaka 2024. Nilipoonyesha picha, wanafunzi wangu walitoka nje kukata lantana kabla sijamaliza kueleza. Tulipata twiga mmoja. Shingo yake imepinda, lakini imesimama.

#27 Shangazi_wa_Tanga

Mwalimu, Mungu akubariki. Sisi wasichana tulikuwa na nyasi. Unang'oa shina lenye mizizi mingi, unaiosha udongo, unaligeuza kichwa chini, na mizizi inakuwa nywele za mtoto. Tulisuka nywele hizo twende kilioni, kila mmoja na mtindo wake, na hapo ndipo mimi nilipojifunzia kusuka kabla ya kupewa kichwa cha mtu. Si kila nyasi ilifaa. Nyingine mizizi yake hukatika ukiigusa. Tuliijua inayofaa kwa kuonekana kwake tu, bila kuijua jina, na mpaka leo jina lake silijui.

#28 MajaniNaMizizi

Shangazi, ukipata picha ya nyasi hiyo, hasa ikiwa na suke, nitajaribu kuitambua.

#29 MkaaBarazani

Wakuu, ahsanteni. Nimehesabu: bahari, mkono, uzito, jina la kauri, hirizi, sikio, na undugu wa empiki. Jana usiku nilifunga macho nikajaribu kuchota kete na kuzimwaga kwa kusikiliza tu. Nilikosea shimo la nne. KayambaNaNgoma, sauti ya kete inapoingia katika shimo tupu ni tofauti kabisa na ya shimo lenye kete. Sikuwahi kuigundua.

Nina swali la mwisho la vitendo. Nilirudi na komwe 12 kutoka Pangani. Nilizifukia sita katika chungu, nikamwagilia kila siku kwa majuma matatu, na hakuna hata moja iliyoota. Nilipozifukua zilikuwa kama siku niliyozifukia, hazikulowa hata kidogo.

#30 MajaniNaMizizi

Zimekataa kulowa kwa sababu ileile inayoziwezesha kuvuka bahari. Chukua tupa au jiwe la kunolea, sugua upande mmoja, si pale penye kitovu, hadi uone rangi ya ganda imebadilika na umekaribia kiini. Usiingie ndani. Kisha loweka kwa usiku mmoja au miwili. Ikivimba, iko tayari kufukiwa. Isiyovimba isugue tena. Panda mbali na njia, mahali ambapo watoto hawapiti, na uipe kitu cha kupandia.

#31 Gololi_za_Mombasa

Yaani zile tulizokuwa tunazisugua juu ya saruji ili kuchomana shingoni, zingeweza kuota?

#32 MajaniNaMizizi

Kama mlizisugua vya kutosha, ndiyo.

#33 MkaaBarazani

Nne zimevimba tangu asubuhi. Mbili bado, nimezirudishia tupa.